Vijiti vya Utepe Mwekundu

Kisumu, Jumatano asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Anyango ametoka kumpiga mwanasesere wake kwa mwiko sasa hivi. Amemlaza kifudifudi sakafuni, akampiga kichwani, halafu mkononi, mkononi, mkononi, huku akisema kwa Kijaluo, "Toa vijiti, toa vijiti." Nimemnyang'anya mwiko, naye amenitazama kana kwamba mimi ndiye sijui mchezo unavyokwenda. Ana miaka mitatu tu, Mama. Siku ile alikuwa mgongoni kwangu, nami nilidhani amelala.

Habari za huko milimani? Goti la Baba linaendeleaje na hii baridi? Sisi tuko hai, na hiyo naisema kama habari, si kama salamu. Simu yangu ilizama ziwani, ndiyo maana umenikosa. Barua hii itakuja na basi la Voi.

Nilikwambia kuhusu Rehema, yule msichana wa chuo kikuu, mtoto wa hapa Kisumu mjini. Anasomea mambo mawili pamoja: kufundisha Kiingereza watu waliozaliwa na lugha nyingine, na mazingira. Sisi wanawake wa ufuoni tulikuwa darasa lake la mazoezi, Jumanne na Alhamisi, ukumbi wa kanisa. Siku moja nilimuuliza Kiingereza na matope vinakutana wapi. Akacheka. Akasema, "Mama Anyango, kila karatasi inayoandikwa kuhusu hili ziwa ni ya Kiingereza. Nyinyi ndio mnakunywa maji yake na hamjui imesema nini. Nataka msome wenyewe, kisha mbishe." Mimi niliyeachia darasa la saba nimesoma ukurasa mzima mbele ya watu. Akaniambia nitafute shule ya watu wazima, kwamba nikimaliza hata mlango wa chuo haujafungwa. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Sasa Jumapili, siku kumi zilizopita, akaja na kazi yake ya mazingira. Alitaka kujua mafunjo, yale matete tunayosukia mikeka, yanarudi kwa kasi gani yakishakatwa na kuchomwa. Unapigilia vijiti vinne, unafunga utepe mwekundu juu, unahesabu mashina yaliyo katikati. Nikaacha kwenda soko la Kibuye na mikeka yangu, nikamsaidia. Nyundo niliishika mimi, maana mikono yake ni ya kalamu. Tulianza majini tukafika karibu na nyumba za mwisho.

Mama, hatukujua. Mwaka mmoja kabla sijaolewa huku, watu walikuja na vijiti kama hivyo, na utepe kama huo, na juma lililofuata yakaja matingatinga yakabomoa nyumba, sufuria zikiwa bado motoni. Kila mtu hapa anajua maana ya huo utepe, isipokuwa mimi mgeni na yeye wa mjini. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna mtu asiyejua.

Wakataji wa mafunjo walitoka na mapanga yao ya kazi. Mmoja akauliza, "Nani amewatuma?" Rehema akainua daftari ili awaonyeshe. Hilo daftari ndilo lililomponza, maana hata wale wa matingatinga walikuja na madaftari. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Wakamburuta kwa mtandio wake hadi kwenye matope, wakampiga mateke, wakampiga na nyundo niliyokuwa nimeishika mimi. Nililia kwamba vijiti nimepigilia mimi. Mtu akanizaba kofi nikaanguka majini na mtoto mgongoni. Nilipoinuka niliona panga linashuka. Rehema alikuwa kifudifudi, amekinga kichwa kwa mkono wa kulia. Vidole viwili vilibaki kwenye majani.

Aliyeshika panga ni Ouma, ndugu wa mume wangu Odhiambo. Shemeji yangu, anayekula kwangu.

Hapa hakuna aliyeona kitu. Kila mtu anamwambia polisi, ni watu wasiojulikana. Rehema mwenyewe hakuuona uso, na kule hospitali amemwandikia polisi kwamba vijiti alivipigilia peke yake, ili mimi nisiandamwe.

Kesho yake Ouma alikuja. Panga alikuwa ameliosha, akaliweka mezani kando ya bakuli la omena, dagaa wa huku. Akampakata Anyango, akawa anamhesabia vidole, moja, mbili, moja, mbili.

"Nyar Mombasa," akasema. Hilo ndilo jina langu huku, binti wa Mombasa, hata nikiwaambia Taita hatuna bahari. "Jumapili ulikuwa Kibuye unauza mikeka. Si ndiyo?"

Nikamsogezea bakuli.

"Vizuri. Nimesikia soko lilijaa sana." Akaomba aongezewe ugali. Nikamwongezea, Mama.

Odhiambo siku ile alikuwa Ahero kupakia mchele. Nilimwambia yote. Siku nne alikula na kutoka kama kawaida. Halafu akasema, "Ni ndugu yangu. Sina mwingine." Akafunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. "Lakini mimi sikuwa pale. Wewe ulikuwa."

Jana nilikwenda kumwona Rehema. Mdomo umeshonwa, hawezi kuongea. Alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika polepole, herufi zimelala kama zangu za siku ya kwanza: umefanya kazi niliyowapa? Nikasema bado. Akaandika: mimi pia naanza upya, tuko darasa moja. Nililia, yeye akacheka kwa macho, maana kinywa kilimkataza.

Kwa hiyo leo afisa wa polisi anakuja kuchukua maneno yangu, nimemwita mwenyewe kupitia pasta. Nitaanza na vijiti, kwamba ni mimi. Halafu nitalitaja jina. Nikifukuzwa, tupokee, hata kama ni kulala jikoni. Lakini sitaki kuondoka, Mama. Wale wanawake wenzangu bado wanakuja kwenye ukumbi Jumanne, wanakaa na madaftari bila mwalimu, na mimi nawasomea ule ukurasa mmoja ninaoujua.

Nisalimie Baba na goti lake. Nisalimie Shangazi anayetutumia maharagwe, umwambie Anyango anamjua kwa jina. Nisalimie ndugu yangu mdogo wa gereji, na bibi, mwambie kwa sauti maana hasikii, kwamba mjukuu wake anasoma. Sasa hivi Odhiambo ananiita mlangoni, pikipiki ya afisa imesimama nje, na Ouma yuko ng'ambo ya njia anatazama. Odhiambo amenyoosha mikono yote miwili nimpe mtoto ili niende kusema, nami naiweka kalamu chini, nampa.