Chumba Kinachotazama Mapipa

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata! Chuo kimenikubali. Shahada ya uzamili, ng'ambo, mimi, mpima damu wa maabara mwenye miwani ya kusomea na magoti yanayolia. Kifungua mimba wangu alipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani kafa. Baba Watoto akanikumbatia, akaahidi sanduku la magurudumu, eti mgongo wangu si wa kuaminika. Mgongo wangu! Yeye anayepumzika katikati ya ngazi.

Jumatano, 6 Agosti

Tumeangalia vyumba vya bweni kwenye kompyuta, mimi na kifungua mimba. Wanataka nambari ya simu ya mzazi. Mzazi! Mzazi ndiye mimi!

Chumba cha kwanza, jiko la kuchangia na vijana saba. Nikakikataa. Najijua, wiki haiishi ningekuwa nawapikia wote. Cha pili kiko ghorofa ya wanafunzi watu wazima: meza, bafu lake, dirisha linalotazama mapipa ya taka. Kitanda cha mtu mmoja – na huyo mmoja waliyempimia si mimi. Nimekipenda hivyo hivyo. Sijawahi kuwa na mlango wangu wa kufunga. Nilitoka chumba cha dada zangu nikaingia cha mume. Ufadhili unakilipia chote. Nithibitishe tu kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, la sivyo wanampa mwingine.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefua mapazia. Yalikuwa safi. Ni hasira.

Baba Watoto kampigia dada yake anayeishi mji ule ule – bila kuniuliza! – na wameshakubaliana. Nitakaa kwa wifi. Na bweni? Eti mtu mwenye ndugu kule akalale bweni kama yatima, watu watasemaje? Watu gani? Nitajie mmoja! "Mama, usipandishe hasira," akasema, "tunakurahisishia." Katika nyumba hii kila nikirahisishiwa jambo, kazi huongezeka.

Kifungua mimba kaangalia ramani. Kutoka kwa wifi hadi chuoni: treni, halafu mabasi mawili. Baba yake akasema vizuri, nitasomea njiani. Mimi! Ninayetapika kwenye gari lililoegeshwa!

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi wifi kapiga simu ya video anionyeshe chumba. Mcheshi, wifi yangu, sijawahi kumchukia. "Karibu kwako, bibi msomi!" Rangi mpya, shuka mpya, taa ya kusomea. Nikaanza kulainika, kweli, nikayaonea huruma mapazia. Kisha akageuza simu kidogo. Ubavuni mwa kitanda changu, vitanda viwili vidogo vya wavu. Vya pacha wake, wachanga kabisa.

Nikauliza. "Aa, hao? Wanalala tu, hawana shida." Yeye anarudi kazini mwezi ujao.

Zamu ya usiku.

Zamu ya usiku!

Nikampigia Baba Watoto ofisini kwake. Ulijua? Eti: "Si yuko peke yake, na wewe watoto unawajua..." Nawajua, ndiyo. Nimelea wanne, wa tano ni yeye. Nikamkatia simu. Maabara nilikuwa nabandika lebo kwa kishindo hadi mwenzangu akauliza vichupa vimenikosea nini.

Nimeomba ruhusa, nimerudi mapema. Niko mezani sasa. Kompyuta iko wazi, chumba cha mapipa bado kipo, saa ya ukutani inakimbia kuliko kawaida yake. Kifungua mimba kakaa pembeni anatafuna kucha. "Bonyeza, mama." Nabonyeza, mwanangu, lakini nataka baba yako aone nikibonyeza.

Ndiye huyu kaingia, simu mkononi, spika wazi. Wifi huyo. Ana swali moja dogo tu, apange mambo vizuri.

"Wifi, hivi wewe ukilala, unalala fofofo au usingizi wako mwepesi?"

"Fofofo," nikasema. "Nipigiwe hata ngoma sikioni."

"Eti kaka, ni kweli?"

Baba Watoto anajua vizuri kwamba paka akikohoa nyumba ya tatu mimi nimeshaamka nimekaa kitandani. Kalamu inaandika yenyewe hapa, macho yangu yako usoni mwake. Kaitazama simu. Kaitazama kompyuta. Anafumbua mdomo –