Jiwe Lililoangukia Viazi

Oldham, 3 Machi 1851

Baba mpendwa,

Kifua chako kinaendeleaje? Mimi na Enos tu wazima, ila mume wangu Edwin tumemzika Jumatatu iliyopita. Boila la kiwandani lilipasuka yeye akiwa anachochea makaa. Tajiri wake, Bwana Thackwell, amewaambia wazee wa uchunguzi wa kifo kwamba Edwin alikuwa amelewa, nao wameandika hivyo. Edwin, Baba, aliyeapa kanisani kuacha pombe, hata pudingi yenye brandi haonji. Mwanangu akue akiitwa mtoto wa mlevi?

Jana nikifukua viazi vya akiba nyuma ya nyumba nimekuta chuma kilichorushwa na mlipuko siku ile. Ni jiwe la mizani ya pamba, limepigwa jina THACKWELL. Edwin aliwahi kuniambia, “Bwana kalitundika mwenyewe kwenye vali ya kupumulia mvuke isifunguke, mashine zikimbie. Nikilitoa, nafukuzwa.”

Nitalitupa dirishani kwake akinywa chai.

Binti yako,
Tabitha

Haslingden, 9 Machi

Mwanangu Tabitha,

Pole, mama. Kifua kinakoroma lakini bado napumua. Usitupe. Yeye atanunua kioo, wewe utalala jela na mtoto. Waonyeshe wachochea makaa wenzake Edwin. Hao wanajua vali iliyozibwa ni nini.

Baba yako

Oldham, 30 Machi

Baba mpendwa,

Natumaini dawa ya asali imekufaa. Enos ameota jino.

Jiwe nililibeba kwenye kikapu cha kumbebea, chini ya miguu yake, hadi mlangoni pa kanisa. Wachochea makaa wa viwanda vyote walilipapasa lile jina. Mmoja wao, Mzee Jabez, akaniuliza, “Mama Enos, na hili nalo lilitundikwa na mlevi gani?”

Thackwell kaleta boila jipya. Hakuna anayekubali kuliwasha. Siku ya tisa leo dohani lake halitoi moshi, na nepi za mtoto zinakauka nyeupe. Nazianika makusudi upande wa ofisi yake.

Juzi alikuja. “Unataka nini, wewe mwanamke?”

“Usimame kanisani useme Edwin hakulewa.”

“Sisemi.”

“Basi kachochee mwenyewe.”

Baba, nilimwona akiondoka na vumbi la makaa kwenye kola yake, kumbe alishajaribu mwenyewe akashindwa, nikafurahi. Mungu anisamehe, sijaomba msamaha bado.

Asubuhi hii katuma mtu kuuliza ibada ni saa ngapi. Nimemjibu: saa nne, na jiwe lake liko kizingitini kwangu. Apitie alibebe, kwa mikono yake, njia nzima hadi kanisani.

Binti yako,
Tabitha