Wale Hawakuwa Wakilia, Baba

Baba yangu, shikamoo.

Kabla ya simu ulikuwa na redio. Majirani zetu pale Chemba walizoea kukusikia ukibishana nayo jioni wakati mama anapeta uwele. Waziri anasema jambo, nawe unamjibu kana kwamba amekaa mbele yako kwenye kigoda. Ukikasirika sana uliacha Kiswahili ukamjibu kwa Kisandawe, na mama anakuambia, "Sasa hapo umempoteza kabisa." Mimi na kaka Idrisa tulicheka mpaka tukashika matumbo, na wewe ulicheka pamoja nasi.

Ndiyo maana nilipopata kazi kwenye ofisi za serikali kule Mtumba nikakuletea simu ya kupangusa. Ilikuwa sikukuu ya Idi, tukakaa barazani nikakufundisha: hapa unasoma habari, hapa unaandika maoni yako.

"Maoni yangu yanakwenda kwa nani?" uliuliza.

"Kwa yeyote anayesoma, baba."

Ukafikiri kidogo. "Basi lazima nisalimie kwanza."

Ukasalimia. Kila ulipoingia kwenye ukurasa wa mtu ulianza hivyohivyo: "Hodi humu ndani. Habari zenu nyote mliotangulia." Kisha unatoa la moyoni, kisha unajitambulisha mwishoni: "Ni mimi Hamisi, mkulima wa alizeti, Chemba." Kocha amefukuzwa, watu wanamtukana, wewe unauliza kama amepewa nauli ya kurudi kwao. Msanii ameonyesha gari jipya, wewe unampongeza na kumsihi asiendeshe akiwa na usingizi. Vijana wakikuandikia "shikamoo babu" kwa kejeli, uliwaitikia "marahaba" mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Ulinipigia siku moja sauti imejaa fahari: "Leo nimepata wajukuu kumi na wanne!"

Nilikuwa nasoma maoni yako nikiwa ofisini, nikitabasamu. Lakini sikuwahi kuyajibu. Sikutaka watu waone kwamba tunafahamiana.

Ndipo ikatokea ya yule msichana mwimbaji. Mwanaume aliyekuwa akiishi naye alimwacha akiwa mjamzito, naye akajirekodi analia, na mtandao mzima ukamshukia. Wengine walisema anatafuta kiki, umaarufu wa bure. Wengine waliitukana hata mimba yake. Katikati ya maneno hayo ukaingia wewe:

"Hodi humu ndani. Binti, nimekuona unalia. Hapo ulipo yupo mtu wa kukupikia hata uji? Usiwajibu watu ukiwa na njaa. Nanyi wengine, mpisheni ale kwanza. Ni mimi Hamisi, mkulima wa alizeti, Chemba."

Mtu akayapiga picha maneno yako akayasambaza, na kabla jua halijazama nchi ilikuwa inacheka. Timu ikifungwa, "mpisheni ale kwanza." Mbunge akisinzia kikaoni, "mpisheni ale kwanza." Picha yako, ile niliyokupiga mwenyewe shambani umevaa koti la Idi na kuiweka kwenye ukurasa wako, ikakatwa ikawa stika.

Ofisini kwetu ilifika Jumanne. Neema, anayekaa meza ya pili kutoka yangu, aliituma kwenye kundi letu, na mchana kantini watu walikuwa wakipishana kwenye foleni ya chakula huku wakiambiana maneno yako. Nilikuwa nimeshika sahani. Neema akanigeukia.

"Zuhura, wewe si mtu wa Chemba? Humjui huyu mzee?"

Baba, sikusita hata kidogo. Nikasema, "Chemba ni kubwa, jamani. Nitamjuaje kila mkulima?"

Wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti kuliko wao. Siku mbili baadaye mkuu wetu alipochelewa kikao kwa sababu ya chai, mimi ndiye niliyeituma ile stika kundini. Sura yako, kwa mkono wangu.

Jumamosi nikakupigia. Nilikuwa nimejiandaa kukueleza taratibu, lakini ulipokea simu ukiwa na furaha kuliko nilivyowahi kukusikia.

"Zuhura mwanangu, umeona? Watu wamemlilia yule binti! Watu wengi, nimejaribu kuwahesabu nikachoka."

"Wamelia wapi, baba?"

"Si hapo chini ya maneno yangu! Zile sura za manjano, zinabubujikwa na machozi. Nimemwambia mama yako, kumbe watu bado wana huruma."

Hapo ningeweza kunyamaza. Mpaka leo najiuliza ingekuwaje kama ningesema tu, "Ndiyo, baba, wamelia," nikauliza habari za mvua. Lakini nilikuwa na wiki nzima ya aibu kifuani.

"Baba, wale hawalii. Ile ni alama ya mtu anayecheka mpaka machozi yanamtoka. Wanakucheka wewe."

Nilisikia kuku, kisha nikasikia mchi wa mama ukiacha kutwanga.

"Wananicheka mimi?"

"Nchi nzima. Mpaka ofisini kwangu. Naomba uache kuandikaandika huko, baba. Unaniaibisha."

"Sikujua," ulisema. Kisha ukauliza, "Na wewe ulicheka?"

"Mimi? Hapana, baba."

"Alhamdulillah," ukasema. Ukanitakia kazi njema, ukakata simu.

Hukuandika tena. Nilipokuja mwisho wa mwezi nilikukuta umerudia simu yako ya zamani ya vitufe, na ile ya kupangusa ilikuwa imelazwa kabatini, imezungushiwa kitambaa. Redio ilikuwa inasema. Wewe ulikuwa unaisikiliza huku unaangalia miguu yako. Nikakuchokoza: "Baba, umesikia anachosema huyu?" Ukanijibu, "Mwache aseme, naye ana kazi yake." Mama alinitazama, kisha akatazama pembeni. Nilipanda basi kurudi mjini nikijiambia kwamba ni uzee tu, wazee hupoa.

Mwaka haukuisha. Msimu wa kuvuna alizeti Idrisa alinipigia asubuhi, nikatoka kikaoni kupokea. Alisema ulikaa pembeni ya shamba ukalalamika kifua kinakubana, ukaomba maji, na maji yalipofika ulikuwa umeshaondoka. Neema ndiye aliyenitafutia gari. Tulipita Msalato sijui saa ngapi, sikumbuki chochote cha njiani isipokuwa mkono wake mgongoni kwangu. Walikuwa wamenisubiri. Tulikuzika baada ya Alasiri, wenzangu wa ofisini nao wakiwa wamefika.

Neema alijifunga khanga akaingia jikoni na kina mama, akamenya vitunguu mpaka macho yakavimba. Alimpa mama mkono akamwambia pole. Pale msibani kila mtu alikuita baba Idrisa, naye hakujua kwamba aliyekuwa kwenye jeneza ni yule mzee wa kwenye simu yake. Nami sikusema, hata siku ile.

Nilisema wiki tatu baadaye. Kikao kilivuka muda wa chakula, mtu akalalamika kundini, na Neema, bila ubaya wowote, akatuma ile stika. Niliitazama sura yako kwa muda mrefu. Koti lilikuwa limekubana mabegani. Nikaandika: "Huyu ni baba yangu. Ndiye mliyekuja kumzika."

Stika ikafutwa. Neema akaja mezani kwangu.

"Zuhura, nisamehe. Sikujua. Lakini mbona hukusema siku ile kantini?"

Yeye alimcheka mtu asiyemjua, kama watu wote wanavyocheka huko mtandaoni, wakapita wakaenda kwa mwingine. Mimi nilikuwa nakujua. Nilijua hata kwamba lile swali la uji halikuwa kichekesho. Mama alinisimulia zamani: alipokuwa na mimba yangu alikuwa mgonjwa sana, mama yake ameshafariki na hana dada, na wewe ndiye uliyeamka kila asubuhi ukamkorogea uji wa uwele, wanaume wenzako wakipita nje na kukucheka. Uliyaandika uliyoyaishi. Katika nchi nzima, nje ya mama, mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuwaeleza watu hivyo, na nikasema Chemba ni kubwa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda nyumbani. Nilimkuta mama ametandika turubai uani, anapiga alizeti zako kwa fimbo. Nikachukua fimbo nyingine nikakaa upande wa pili. Nilipanga kusubiri tule kwanza, lakini maneno yalinitoka palepale: kantini, stika niliyoituma, na uongo niliokujibu. Yeye hakuacha kupiga. Nilipomaliza akapumzisha fimbo magotini.

"Alijua," akasema.

"Alijua nini, mama?"

"Kwamba ulicheka. Nilikuwa karibu naye. Alipokata simu aliniambia, 'Mtoto amecheka. Lakini usije ukamwambia kwamba najua, ataona aibu kuja nyumbani.'"

Kisha akaendelea na alizeti zake, nami sikuweza kuinua fimbo.

Baba, baada ya simu ile nilikuja nyumbani mara tano kabla hujaondoka. Mara zote tano nilipoteremka kwenye basi ulikuwa umeshafika barabarani, umenisubiri juani, na hukuwahi kukubali nibebe mkoba wangu mwenyewe. Nilidhani hujui. Ulitembea mbele yangu ukiniuliza habari za kazi na za wenzangu ofisini, ukiwataja mmoja mmoja kwa majina, ukiniombea nipatane nao.

Nakuombea kila baada ya swala. Nisamehe.

Binti yako,
Zuhura