Hewa ya Juu ya Nyumba

Medellín, 10 Februari 1991

Mwanangu Arley,

Mungu akubariki, akulinde na cheche za moto huko karakana kwenu Maracaibo, ng'ambo ya mpaka. Unakula? Kile kikohozi kimeisha? Mimi mzima, ila goti la kushoto linalalamika, na vidole vimepasuka kwa saruji.

Ndiyo, saruji. Nimeanza kujenga chumba chako juu ya slabu aliyomwaga marehemu baba yako. Miaka saba unasema utakuja Krismasi, miaka saba huji, nami nikajiambia labda mtoto anaona aibu kulala kwenye kochi na miaka ishirini na tisa yake. Basi utakuwa na chumba, na dirisha linalotazama bonde lote. Najenga mwenyewe. Don Ovidio wa nyumba ya pili amenifundisha kuchanganya mchanga na saruji, na kila Jumamosi ananipandishia matofali bila hata kuombwa. Ameniazima pima maji yake ya kunyooshea ukuta. Kumbe kujenga ni kama kushona, ukikosea mshono wa kwanza, nguo nzima inakwenda upande.

Jana alikuja kijana wa ofisi ya ujenzi, kitambulisho shingoni, viatu vimejaa matope.

"Mama, kibali kiko wapi?"

"Kibali cha nini?"

"Cha kujenga."

"Kwani najenga kwako?"

Hakucheka. Kaniandikia karatasi niende ofisini nikiwa na mchoro. Nitakwenda, kisha chumba kitaisha. Niambie unataka rangi gani.

Mama yako,
Eucaris


Maracaibo, 3 Machi 1991

Mama yangu mpenzi,

Naomba baraka zako. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha, kazi ipo. Natumaini goti limepoa.

Mama, acha hicho chumba. Nakuomba. Una miaka sitini na mbili, unapanda ngazi na karai kichwani, ukianguka nani ataniambia? Kochi linanitosha kabisa. Na watu wa ofisi ukishaanza nao hawaishi, watafukua makaratasi yote, watakusumbua bure. Funika yale matofali kwa bati, mwambie yule kijana umeghairi. Ukitaka kutengeneza kitu, tengeneza jikoni, panavuja.

Msalimie Don Ovidio. Au basi, usimsalimie, ataanza maswali.

Mwanao,
Arley


Medellín, 24 Machi 1991

Mwanangu Arley,

Mungu akubariki. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umsalimie, usimsalimie, mbona sikuelewi? Hata rangi hukunitajia.

Ofisini nimekwenda mara nne. Dirisha la tatu wananipeleka la saba, la saba wananirudisha la tatu. Mchoro niliuchora kwenye ile karatasi ninayokatia mitindo, vipimo vyote vimo. Yule kijana, anaitwa Tobón, akaugeuza huku na huku.

"Mama, hii ni nyumba au gauni?"

"Ni nyumba. Hiyo unayodhani ni mkono wa gauni ni ngazi."

Akasema ngazi iwe na upana wa sentimita tisini, yangu ina sabini na nane. Nikarudi nikaivunja, nikajenga ya tisini. Akaja, akapima, akasema sasa inaingia kwenye njia ya watu kwa sentimita nne. Nikavunja tena. Arley, nimelia juu ya ndoo ya zege, si kwa huzuni, kwa hasira tu.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Juzi dirisha la saba walifungua jalada la nyumba, Tobón akanitazama kwa huruma.

"Doña Eucaris, wewe unamiliki chini. Juu si kwako."

"Juu ya wapi?"

"Juu ya nyumba yako."

"Juu ya nyumba yangu pana hewa."

"Ndiyo hiyo hiyo. Hewa hiyo iliuzwa, imeandikishwa kabisa. Ina mwenyewe."

Nikacheka mpaka watu wa foleni wakacheka. Nani anauza hewa? Nikamwambia wamechanganya jalada langu na la mtu mwingine, hapa mlimani akina Montoya tumejaa. Kasema hawezi kunitajia jina mpaka nakala ipatikane kwenye stoo ya makaratasi, labda wiki mbili.

Wewe ndiye uliyenipeleka kwa mthibitishaji wa hati baada ya baba yako kufa. Nilisaini kila ulipoweka kidole. Zilikuwa karatasi gani zile? Niambie, nikawaambie wasinichanganye.

Mama yako


Medellín, 28 Aprili 1991

Arley,

Mungu akubariki. Unaumwa? Sijapata neno. Mume wa jirani yetu Gladis amerudi kutoka huko, anasema amekuona sokoni, umenenepa. Kwa hiyo huumwi.

Nakala haijapatikana. Wamenibandikia mlangoni karatasi nyekundu, KAZI ISIMAME. Ukuta umefika kifuani. Nakaa juu kwenye ndoo iliyopinduliwa, natazama, sijui natazama changu au cha nani. Don Ovidio alikuja Jumamosi na gunia la mchanga, akaiona ile karatasi, akashusha gunia taratibu. Akasema, "Ah." Halafu akaenda zake. Mtu wa maneno yote yale, leo "ah" tu?

Kila mtu anajua kitu ila mimi. Niandikie.

Mama yako


Maracaibo, 26 Mei 1991

Mama,

Naomba baraka zako, kama bado unazo za kunipa.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Unakumbuka mwaka ule niliondoka ghafla, nikakwambia nimepata kazi? Hakukuwa na kazi. Wale vijana wa pikipiki wa kule juu walitaka niwabebee vitu, nikakataa, wakanipa siku tatu za kuhama au kufa. Sikutaka ujue. Ungekwenda kugonga mlango wao na mkasi wako wa kushonea, nakujua.

Sikuwa na nauli wala kitu cha kuuza. Nikaenda kwa Don Ovidio. Alisema hela ya bure hana, ila amekuwa akitafuta pa kujenga kwa ajili ya binti yake, Nubia. Nikamuuzia juu ya nyumba. Karatasi ile niliichomeka kati ya zile za baba, nikaweka kidole, ukasaini. Kalamu iligoma, ukaipuliza, ukaniambia, "Haya, mwanangu, tumemaliza?" Nikasema tumemaliza.

Don Ovidio nilimwambia kuwa unajua yote, ila unaona uchungu, kwa hiyo asikutajie kamwe. Ndiyo maana hakukuuliza kitu.

Si kochi, Mama. Nilikuwa nashindwa kuja kukaa chini ya ile slabu nikakutazama.

Mwanao,
Arley


Medellín, 1 Septemba 1991

Arley,

Mungu akubariki. Hilo naliandika kwa mazoea, lakini sijalifuta.

Barua yako ilifika Juni. Sikuandika kwa sababu sikujua naandika nini. Asubuhi nakuonea huruma na zile siku zako tatu, mchana nikipika maharage nakumbuka ile kalamu, natamani kukuzaba kofi, jioni nakuonea huruma tena. Hadi leo sijui niko wapi.

Nilikwenda kwa Don Ovidio siku ile ile, na aproni yangu. Nikamwekea barua mezani. Aliisoma, akavua miwani.

"Eucaris, mimi nilidhani unajua."

"Ulidhani najua, ukaniacha nijenge?"

"Nilidhani unanijengea mimi."

"Nikujengee wewe? Kwa lipi?"

"Sasa mimi nijue? Nikajisemea huyu mama ana lake, labda ameamua tumalize yaliyopita. Niliona aibu kukaa tu, ndiyo nikawa naleta matofali."

"Na chumba nilikuwa nasema cha Arley!"

"Nilidhani umezeeka, unachanganya majina."

Tulitazamana. Kisha nikacheka, naye akacheka, halafu nikalia kwake pale, akanipa chai ya sukari guru, ikapoa bila kunywewa.

Akataka kunirudishia ile karatasi, ichanwe yaishe. Nilikaribia kukubali. Lakini Nubia amerudi kutoka Bogotá na mtoto wa miezi mitano, wanalala wanne chumba kimoja pale kwake. Nimewaona kwa macho yangu. Na yeye alilipa, Arley, hakuiba. Nikamwambia hapana, cha watu ni cha watu.

Tukaenda wote wawili dirisha la saba. Tobón akauliza, "Mwenye hewa ni nani?" Ovidio akanyoosha mkono. "Na mjenzi?" Nikanyoosha wangu. Alishika kichwa. Fomu haina mahali pa mtu anayejenga juu ya kichwa chake chumba cha jirani. Imechukua miezi miwili, lakini kibali kimetoka, na ngazi imekubaliwa ya sentimita tisini ikipinda kona. Ukuta naumalizia mimi. Nimeuanza, sitaki fundi mwingine aje kuninyooshea mistari.

Kwa hiyo chumba huna. Ulikiuza. Ukija utalala kwenye kochi.

Slabu ya juu tunaimwaga Jumamosi, tarehe 21 Desemba. Mlima mzima utakuja, tutapika supu ya sancocho kwenye sufuria la kanisa. Mikono ya kubeba zege haitoshi. Mimi sisemi kitu. Nakutajia tarehe tu.

Mama yako,
Eucaris


Maracaibo, 12 Januari 1992

Mama yangu,

Naomba baraka zako. Nimefika salama. Mpakani walitupekua saa tano nzima, ila mikate yako ya arepa hawakuigusa. Goti linaendeleaje baada ya siku ile? Mimi viganja vimechubuka, siwezi kushika mashine, bosi ananicheka.

Siku kumi nilizokaa hukulitaja lile jambo hata mara moja. Ulinipa karai, ukanipanga kwenye mstari kati yako na Don Ovidio, nikapokea zege kwake nikalipitisha kwako, tangu asubuhi mpaka slabu ikajaa. Nilisubiri mmoja wenu aseme neno. Yeye aliniambia, "Kaza mgongo," wewe ukaniambia, "Usimwage." Basi. Usiku nilimsikia mtoto wa Nubia akilia kwao, nikafikiri wiki chache tu atakuwa analilia juu ya kichwa cha mama yangu, kwa sababu yangu, na sikujua kama hilo ni baya au zuri. Nilitaka kukuuliza. Ulikuwa umeshalala, au ulijifanya.

Sijui kama umenisamehe. Sikuulizi kwa barua.

Kituoni uliniuliza kitu kupitia dirishani, basi likiwa linaondoka. Nadhani uliniuliza kama nitakuja tena. Nilikujibu, lakini niliona umeweka mkono sikioni, hukusikia.

Nilisema Pasaka.

Mwanao,
Arley