Mathayo Hakuwa Mlevi

Mtinko,
Singida.
2 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Mughwai,

Shikamoo Mjomba. Mama Lea naye shikamoo yake. Habari za Newala, na habari za mikorosho? Goti lako linaendeleaje? Mama anauliza kila mara kama ile dawa ya kuchua uliyoondoka nayo hapa bado ipo, maana baridi ya asubuhi ikimshika tu anakukumbuka wewe na hilo goti.

Sisi hatujambo. Kikohozi cha Mama kilichomsumbua mwezi wa tatu kimekwisha kabisa, na Jumapili iliyopita aliimba kwaya hadi mwisho bila kukaa. Wanangu wako shule. Alizeti tumevuna, si nyingi kama mwaka jana, lakini mtama umetupa moyo. Ng'ombe wako yule mwekundu amezaa jike. Cherehani yangu bado inanilisha pale sokoni, namshukuru Mungu.

Barua hii nimempa Mwalimu Editha, ambaye amehamishiwa shule ya huko kwenu. Ningeweza kupiga simu, lakini habari yenyewe ni ndefu, na kwenye simu mimi nikianza kulia siwezi tena kusema. Nimeona afadhali uisome ukiwa umetulia. Inamhusu mdogo wangu Mathayo.

Mjomba, najua hupendi hata kulisikia jina lake tangu Krismasi. Sote tunakumbuka ilivyokuwa. Jua lilikuwa limezama, wazee mmekaa kwenye benchi nje, yeye akatoka ndani na jagi la mtindi akalivaa lile benchi kama halipo, mtindi wote ukaishia kwenye koti lako. Ulipomnyooshea mkono akusaidie kuinuka, akapita moja kwa moja kama hakukuona. Ukasema chuo kimemfundisha pombe. Asubuhi ukaondoka bila kumuaga, na hakuna aliyekulaumu, maana hata sisi tulidhani hivyo hivyo. Majirani walikuwa wameshamwona akijikwaa njiani jioni. Mama alimnusa mdomo mara ngapi sijui, asikute kitu, akasema labda ni hizi pombe za kisasa zisizo na harufu.

Yeye mwenyewe hakujitetea hata kidogo. Hilo ndilo lililotumaliza.

Sasa, katikati ya mwezi wa tano nilipigiwa simu na Deo, kijana wa Iramba anayekaa naye chumba kimoja chuoni Dodoma. Akaniambia Mathayo anataka kuacha masomo. Vipindi vya jioni haendi tena, anashinda amelala, anasema anarudi nyumbani kuchunga. Nikamuuliza kama anakunywa sana. Deo akasema, "Dada Esta, siyo pombe. Njoo umwone mwenyewe."

Nilipomwambia Mama, aliacha kupepeta akakaa chini. Akasema niende nimlete, kama ameshindwa ameshindwa, asije akafia huko. Kesho yake alfajiri nikapanda basi na mfuko wa michembe ya viazi na karanga, nikijua kabisa ninakwenda kumchukua mtu aliyeharibikiwa.

Nilifika chuoni mchana nikadhani nimekosea mahali. Mahema yamesimikwa uwanja mzima, muziki unapigwa, mabango ya kila rangi, vijana wamevaa suti na tai kwenye jua lile. Nikauliza kuna harusi ya nani. Binti mmoja akacheka, akaniambia ni wiki ya ajira ya wanafunzi wa kompyuta, kampuni zimekuja kuwaona wanaomaliza na kutafuta wa kuwafundisha kazi.

Deo akanipokea, akanipeleka chumbani. Mathayo alikuwa amelala ameelekea ukutani. Aliponisikia sauti alikaa, akaniamkia, akatafuta viatu kwa mguu, akipapasa, na viatu viko pale pale mbele yake. Mjomba, hapo ndipo roho yangu ilishtuka. Nikamwambia, "Mathayo, niangalie. Una nini?"

Akasema, "Dada, mimi ni macho."

Akanieleza yote. Giza likianza tu kuingia, yeye haoni kitu. Mchana anaona, lakini ni mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Ukiwa upande wake huko, kwake hupo. Mwaka jana alikwenda hospitali, akaambiwa ni ugonjwa wa nyuma ya jicho, unaenda polepole, na dawa ya kuurudisha nyuma hawana. Huenda akaja kupoteza kuona kabisa, huenda kukabaki kidogo, hakuna ajuaye. Nikamuuliza kwa nini alikubali aitwe mlevi mbele ya ukoo mzima. Akanijibu kwamba mlevi anaweza kuambiwa aache pombe arudi shule, lakini kipofu tungemwambia akae nyumbani. Alitaka amalize kwanza. Sasa ameona hawezi kumaliza, maana maandishi ya kwenye kompyuta yanamchosha, kichwa kinamuuma, na nani atamwajiri mtu wa kompyuta asiyeona?

Nilitoa karanga tukala.

Ni Deo aliyetuinua. Akasema jina la Mathayo liko kwenye orodha ya wanaoonyesha kazi zao siku hiyo hiyo, na kazi yake ni nzuri kuliko za wengi, ila amekataa kwenda. Mathayo akasema, "Nikaanguke kwenye kamba za mahema mbele ya wageni? Siendi." Mimi nikamwambia nimetoka Mtinko alfajiri. Hata kama tunarudi wote kesho, nataka nikaone alichokuwa anasoma miaka yote hii, ili Mama akiniuliza niwe na cha kumwambia. Nikamshika mkono. Alinifuata kama alivyokuwa akinifuata kisimani alipokuwa mdogo.

Mjomba, nikuambie ukweli, mimi nilidhani aliyesoma kompyuta anakuja kufungua duka la kutoa fotokopi pale stendi. Kumbe sivyo. Benki zilikuwa zinatafuta watu wa kulinda mifumo isiibiwe, kampuni za simu zilikuwepo, kulikuwa na watu wanaotengeneza programu za hospitali, na wengine wanaotaka wa kufundisha. Na kazi ya Mathayo ni programu ya wakulima wa alizeti. Unatuma ujumbe kwa simu ya kawaida, hata kitochi, inakujibu vinu gani vinanunua leo na kwa bei gani. Nilimsikiliza akiieleza nikasahau shida iliyonileta. Alikuwa anaongea kama mtu mwenye kwake.

Walikuja wengi wakasikiliza wakapita. Kisha akaja mama mmoja wa makamo, Jenipher, kutoka kampuni moja ya Arusha inayotengeneza programu. Alisikiliza hadi mwisho, akamnyooshea kikaratasi cha kampuni yao. Mathayo hakukipokea. Kilikuwa pembeni, hakukiona. Mimi nikataka kukipokea haraka kumfichia aibu, lakini yule mama alinizuia kwa macho. Akakisogeza kikaratasi taratibu hadi mbele ya uso wa Mathayo, na kilipofika katikati ndipo Mathayo akashtuka. Mama yule akamuuliza kwa sauti ya chini, "Za pembeni huoni, eti?"

Mathayo akajibu, "Sioni." Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka kwa mtu wa nje.

Nilijua imekwisha hapo. Lakini Jenipher akageuka akaita, "Fredrick, njoo huku." Akaja mwanaume mrefu amevaa vizuri, ana fimbo nyeupe mkononi. Haoni kabisa, Mjomba. Na ni mwandishi wa programu pale kwenye kampuni yao, wenzake wanamwita kiongozi. Akakaa, akafungua kompyuta yake, kioo kimezimwa cheusi kabisa, ikaanza kuongea. Ilikuwa inaongea mbio kiasi kwamba nilidhani redio imeharibika. Kumbe inamsomea kila kilichoandikwa, na yeye masikio yake yameshazoea. Akaomba kazi ya Mathayo, akaiweka pale, akasikiliza kimya, vidole vinatembea. Kisha akamwambia iko sawa, isipokuwa watu wengi wakituma ujumbe kwa pamoja itakwama, na akamwonyesha mahali.

Mathayo alikuwa amemsogelea karibu sana. Akamuuliza, "Kaka, ulianza lini kutoona?"

"Nikiwa mwaka wa pili chuo. Nami nililala kitandani, usidhani. Nililala muhula mzima. Hapa chuoni umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi hapo umejidhulumu mwenyewe. Kuna ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Umeshindwaje kwenda? Ulitaka wakuote?"

Alimsema kweli kweli, Mjomba, bila kumbembeleza. Mathayo akaanza kulia pale pale kwenye hema, na Fredrick akaendelea kukaa naye tu, akimsubiri amalize. Mimi nilikwenda nyuma ya hema nikalia kivyangu.

Jenipher akasema wanachukua wanafunzi wachache kwa mafunzo ya vitendo likizo hii, wenyewe wanaita fildi, na akitaka aje kwenye usaili kesho asubuhi kama wengine. Nikampigia Mama kumwambia tunachelewa siku moja. Hakuuliza kwa nini, alisema tu nisimwache peke yake. Nililala kwa dada yake Deo, anaishi karibu na chuo. Sijui kama ulikuwa usingizi.

Asubuhi nilikaa kwenye ngazi na wasichana waliokuwa wanasubiri zamu zao. Aliingia, akakaa ndani muda ambao mimi niliuona kama msimu mzima. Alipotoka uso wake haukuniambia kitu. Alisema swali moja limemshinda kabisa na akawaambia halijui. Tukasubiri. Jenipher ndiye aliyekuja kutuambia kwamba wamemchukua. Mimi nikaanza kumshukuru, namwombea baraka, na huruma yake na nini, akanikatisha. "Dada, usije ukadhani tumemhurumia. Tumewakatalia wenzake wenye macho mazima."

Siku hiyo hiyo Deo na mimi tulimpeleka kwenye ile ofisi. Wamempokea vizuri. Mitihani yake ataongezewa muda, na kwenye kompyuta yake wamemwekea ile programu ya kusoma kwa sauti. Inatamka Kiswahili kama mzungu aliyefika jana, Deo alicheka hadi akashika mbavu, na Mathayo naye akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka jana. Mwezi wa nane anakwenda Arusha. Siyo ajira bado, Mjomba, ni mafunzo, na macho yake hayatarudi. Fimbo bado ameikataa, anasema ataanza nayo huko ambako hawamjui. Sikumlazimisha.

Nikarudi Mtinko peke yangu. Mama alikuwa uani, aliponiona niko mwenyewe alidondosha ungo. "Yuko wapi?" Nikamwambia amebaki, anasoma. Nikamkalisha, nikamweleza mwanzo hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo hakuwa mlevi?"

"Hakuwa, Mama."

"Ni macho tu?"

"Ni macho."

Akainua mikono, "Ee Mungu, asante!" Kisha akajisikia alichosema, akajifunika uso kwa khanga, akawa analia na kucheka kwa pamoja. Jioni ile alikwenda nyumba kwa nyumba kwa majirani wote waliomsema mwanawe, Mama Deborah hata alikuwa ameshalala, akawaambia. Sikumzuia. Alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Sasa Mjomba, nina mambo mawili ya kukuomba, na unisamehe kwa kuwa mimi ni mtoto wako tu.

La kwanza, daktari alimwambia Mathayo ugonjwa huu hutembea ndani ya ukoo. Mama ndiye aliyekumbuka Babu Simoni, baba yenu, alivyokuwa hatoki nje jua likizama, na watu wakisema anaogopa fisi. Anasema hata nyinyi watoto mlimcheka. Huenda alikuwa haoni, maskini, na aliona afadhali asemwe mwoga. Kwa hiyo tafadhali mpeleke Lea akapimwe macho, hata kama haoneshi dalili. Sisi huku wanangu nimeshawapeleka hospitali ya mkoa, wameonekana wazima, watarudi mwakani kuangaliwa tena.

La pili ni Mathayo mwenyewe. Amenikataza nisikuambie ukampigie, anasema wewe ni mkubwa na hutakiwi kumwangukia mtoto. Anasubiri apate ujasiri akupigie yeye. Lakini namjua, ataupata lini? Wewe ndiye uliyemfundisha kusoma, ukimwandikia herufi chini kwa kijiti. Kila anapopigiwa simu ya pongezi wiki hii, akishakata ananipigia mimi kuniuliza, "Mjomba amejua?" Sijui nimjibu nini. Namba yake ni ile ile. Mpigie, Mjomba, hata kwa salamu tu. Huna haja ya kumwambia neno lolote kuhusu Krismasi.

Nisalimie Mama Lea, Lea mwenyewe, na Luciana jirani yenu aliyetutumia korosho. Mama anakusalimu sana, na Evodia wa dukani naye. Ndama nimemwachia jina wazi, tunasubiri wewe mwenye ng'ombe utuambie.

Mungu awalinde huko kusini, alitunze goti lako, na atukutanishe tukiwa wazima.

Mpwa wako akupendaye kwa moyo wote,

Esta