Zege la Msiba Wangu Linalimega Kaburi la Mke Wangu

Mama Mshauri, mimi nina miaka themanini na mbili, nimewazika wenyeviti wanne wa mtaa, nimemzika daktari aliyenikataza chumvi, nimemzika mke wangu Tusekile miaka tisa iliyopita, na mwaka juzi nimemzika rafiki yangu Hosea ambaye ndiye chanzo cha yote haya, kwa hiyo usinione mtu wa kuombaomba, naomba kwa sababu nimekwama.

Huyo Hosea alifariki mwezi wa nne, na kama unaijua Tukuyu mwezi wa nne unajua mvua yake, basi watu walisimama kwenye tope mpaka vifundoni, kwaya ikateleza mstari mzima, jeneza likaponea chupuchupu, na waombolezaji wakarudi makwao wanasimulia tope badala ya kumsimulia Hosea. Nikasema mimi Ambindwile sitazikwa hivyo. Nikakata migomba yote ya uwanjani, nikang'oa na mianzi ya kule chini, nikamwaga zege kutoka ukuta hadi ukuta kwa mikono yangu mwenyewe, mafundi sita walikuwa wananisaidia tu, nikaupa uwanja mteremko safi ili tone lisisimame, na hapa Ibighi hakuna uwanja mwingine kama huo, wanakaa watu mia tatu na viti vyao na kiatu hakichafuki. Nilichoacha ni kipande cha udongo kwa chini, penye kaburi la Tusekile, na pembeni yake nafasi yangu.

Mvua zikaja, maji yote ya bati na ya uwanja yakashuka vizuri kabisa kama nilivyoyapangia, yakaenda moja kwa moja kwenye kaburi, yamelimega upande wa kichwani, mkono wangu unaingia mpaka kwenye kiwiko, msalaba umelala, halafu yanaendelea mpaka kwa Arafa, fundi cherehani, jirani yangu wa bondeni, ambaye ukoo wao ulitoka pwani na maneno walikuja nayo. Kila mvua anapiga kelele uani kwake, "Babu, wageni wako wamefika tena, na viatu hawajavua!"

Ndipo akaja binti wa mipango miji, Prisca, akatandika ramani kwenye mkutano wa mtaa, nikaona uwanja wangu peke yake umepakwa rangi nyekundu, nikasimama nikawaambia watu mnaona, hata kwenye ramani wananitambua. Yule binti akasema kwa upole, "Babu, nyekundu ni pale vurugu ya maji inapoanzia." Wakacheka, hata wazee. Akasema mji unapangwa upya, kila kiwanja kiache udongo wa kunywa mvua, mitaro iwe ya nyasi, mianzi irudi, migomba irudi, na kwangu zege livunjwe nusu, lichimbwe bonde dogo la kina cha goti maji yatulie humo mpaka ardhi iyanywe. Yaani nirudishe migomba niliyoikata mbele ya watu! Nikaapa palepale, "Atakayegusa zege langu anizike kwanza!" Na Arafa akadakia, "Tukuzike wapi, babu, na pako pameshaliwa?"

Sasa mwanangu Alinanuswe aliyeko Mbeya anasema kabla mvua za Novemba hazijaanza mama yake ahamishiwe makaburi ya mjini. Amhamishe! Mke wangu akalale na watu asiowajua, na mimi nizikwe peke yangu kwenye uwanja mzuri. Kuvunja siwezi, nimeapa. Kumhamisha siwezi. Nionyeshe namna ya kuyageuza maji bila kuligusa zege, na nasema ndaga fijo, ahsante sana. Kama unaona naongeza chumvi, muulize Arafa, muulize na Ackson mchimba makaburi, namba zao nimeziandika nyuma ya karatasi.

Ambindwile, Ibighi, Tukuyu

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo mzee Ambindwile. Pole kwa mkeo, pole kwa rafiki yako. Salamu zimeisha, sasa vumilia.

Mashahidi wako nimewapigia simu. Ackson kaniambia hivi: "Miaka yote kabla ya zege lile kaburi lilikuwa kavu, migomba ilikuwa inayanywa yale maji. Na pale alipojitengea mzee nimechomeka nondo ardhini kupima, maji yametoka kabla sijafika futi mbili. Pale simchimbii mtu." Umesikia, mzee? Umetengeneza uwanja wa waombolezaji mia tatu, na marehemu hana pa kulala.

Arafa nilitegemea anililie vitambaa vyake vilivyolowa. Alilia kidogo. Kisha akaniambia jambo ambalo hukuliandika: kwamba Machi, siku ile ya mvua kubwa, alichungulia akakuona umesimama kaburini saa nzima, mwamvuli umemfunika Tusekile, wewe mwenyewe unachuruzika. Tangu siku hiyo, anasema, hajawahi kukutania kwa moyo wote.

Sasa sikiliza. Namna ya kuyageuza maji bila kugusa zege haipo. Ukijenga kingo, yote yataishia kwa Arafa. Ukichimba mtaro wa saruji, yatamfikia mbio zaidi, kisha yawafuate walio chini yake. Mteremko uliupiga vizuri mno, hilo nakupa sifa, na ndio unaokumaliza.

Kiapo chako kisikutishe. Uliapa kwamba mtu asiguse, hukujifunga mikono yako. Mwite Prisca aje na ramani yake, waite watu walewale wa mkutano, kisha nyundo ya kwanza upige wewe. Wakicheka, wacheke, ulishawahi kuchekwa ukiwa umekosea, mara hii utachekwa ukiwa umepatia. Vunja nusu ya chini yote, chimba bonde kama binti alivyochora, lakini mbali na kaburi, utangulize mawe, upande nyasi. Maji ya bati yawekee tangi. Vipande vya zege vitandike kwa kuachanisha, waombolezaji wako wavikanyage wasiguse tope. Mianzi ipande mpakani na Arafa, umwombe radhi ukiwa na shoka na jembe mkononi, sio mdomo mtupu. Kaburi Ackson alijaze na kulishindilia, migomba irudi kulizunguka. Na Alinanuswe mpigie leo, umwambie mama yake hahami.

Oktoba ikiisha, kazi iwe imekwisha. Novemba mvua ya kwanza ikinyesha, nenda pale kaburini usimame kama ulivyosimama Machi, ila mwamvuli ujifunike mwenyewe. Yeye atakuwa na migomba yake.