Nyundo ya Baba Mudogo

Mujukuu wangu Clarisse,

Hapa Lubumbashi tuko salama. Mama yako alirudi jana kutoka Kasumbalesa, miguu imevimba, kicheko ni kilekile.

Unaniuliza utasimamaje mbele ya darasa kueleza mizinga mifupi ya vita vya zamani vya Ulaya, ile obusier, na sauti inakukimbia. Mimi pia ilinikimbia.

Wakati nchi ilipovunjika, nikiwa na umri wako, obus, lile kombora la muzinga, ilianguka katika kiwanja chetu, ikalala bila kulipuka. Baba mudogo, mufanyakazi wa tanuru, akaona pete ya shaba kiunoni mwa ile obus.

"Shaba muzuri hii! Leteni nyundo tuibandue."

Lakini shuleni, kwa Kifaransa, tulisoma kwamba obus za vita vile vya Ulaya zilikuwa chuma chenye tumbo la baruti. Utambi uliweza kuwaka polepole, na askari akaisogelea akidhani imekufa. Nilifungua kinywa, hakikutoka kitu. Mimi, kumukatalia mukubwa mbele ya bantu?

Nikanyakua nyundo, nikakimbia.

"Wee mutoto! Leta nyundo yangu!"

Kiwanja kizima kikanifuata kwa kicheko, "Mwizi! Mwizi!", mpaka kwenye reli. Pale ndipo sauti ilikuja: "Haiyakufa ile!"

Basi wakubwa wakaita askari. Kesho yake askari walituhamisha, wakailipua palepale. Jiko letu likaanguka. Baba mudogo akatazama matofali, akanitazama.

"Bon. Nyundo ubakie nayo."

Nimemupa dereva anayekuja huko Mitwaba nyundo ile akuletee. Iweke juu ya meza, mbele ya darasa lote, halafu useme.

Nkambo wako